Kisima Kisichoghaniwa

Habari hii haimfai mwenye haraka. Mwenye haraka na apite, mwenye masikio na akae.

Shaweji alikuwa fundi wa visima. Alikuwa amechimba visima katika nchi saba, na katika zote saba watu walikuwa wakiyatazama maji kwanza ndipo wayanywe. Nchi ya nane ilikuwa Nenwa. Huko alikuta watu wanaoyanywa maji kwa kuyasikiliza.

Aliitwa na mjane mmoja, Bi Siwema, mlinzi wa kisima cha Bondeni. Bondeni ni mtaa wa kaya mia tatu, na kaya zote mia tatu zilikuwa zikiteka hapo. Juu yake, kilimani, palikuwa na kiwanda cha ngozi cha Tajiri Mbaruku, kikubwa kuliko vyote nchini. Siku ya kwanza Shaweji alifunga kamba kiunoni akashuka kisimani, na kabla nyayo zake hazijagusa maji akapiga kelele avutwe juu. Alitoka akikohoa, macho yanamchuruzika kama mtu aliyekata vitunguu vya arusi nzima.

“Bi Siwema, hiki hakitaki kuchimbwa. Kinataka kufungwa. Leo.”

“Najua, Fundi.”

“Unajua? Na watu hawa?” Shaweji akaonyesha foleni ya ndoo nyuma yake.

“Najua kwa pua. Kwa sheria sijui.”

Shaweji akadhani mama huyu anamtania. Lakini katika foleni ile mtoto mdogo wa kike aliziba pua akasema, “Bibi, maji yananuka.” Bibi yake akamfinya sikio. “Umesikia ubeti wowote wewe? Hujasikia. Basi hayanuki.” Akajaza ndoo yake, akajitwika, akaenda zake akiimba.

Bi Siwema akamketisha Shaweji kivulini, akamweleza.

Zamani, mto ulipoua watu arobaini katika mwaka mmoja, wazee wa Nenwa walitunga sheria. Kila karakana yenye watu zaidi ya kumi ilipewa siku yake katika mwaka, na siku hiyo ilipaswa kughaniwa uwanjani, mbele ya watu wote: imekata miti mingapi, imemwaga nini, wapi, na nani akae mbali kwa muda gani. Waliweka habari hizo katika shairi kwa sababu shairi halisahauliki, na mtu akilipunguza neno moja mizani inamsuta. Bi Siwema alikuwa bado anaukumbuka ubeti wa Mbaruku wa miaka mitatu iliyopita. Akaughani kwa sauti ya chini:

Ngozi mia tumetia, chokaa gunia tisa,
Maji tuliyotumia, mtoni tuliyatosa,
Samaki wakajifia, chini ya daraja hasa,
Msiteke siku sita, twakiri tuna makosa.

“Tukafanya nini? Tulichukua ndoo zetu tukateka kwingine siku sita. Siku ya saba tukarudi. Hapakuwa na ugomvi wala mgonjwa.”

“Hiyo ni sheria nzuri, dada yangu.”

“Ilikuwa nzuri mno, Fundi. Ikawa nzuri hata watu wakastaafisha macho na pua.”

Ndivyo ilivyokuwa. Miaka ilivyopita, Wanenwa waliyaamini masikio yao hata viungo vingine vikawa mapambo. Kikazaliwa kiongezo cha sheria, kikaandikwa juu ya mlango wa Baraza: Lisiloghaniwa halipo. Na kwa kiongezo hicho, kisima cha umma hakifungwi ila kwa ubeti. Anayekifunga bila ubeti amewanyima watu maji. Hufungwa jela miaka kumi, na kisima hufunguliwa siku ileile.

“Mbaruku ataghaniwa baada ya siku tisa,” alisema Bi Siwema. “Akitaja tu alichokimwaga, mimi nakifunga hiki palepale, na wewe unanichimbia kingine upande wa pili wa mtaa. Nimekuita kwa ajili hiyo. Ila kuna maneno Barazani. Wanataka kuilegeza sheria. Wakiilegeza kabla ya siku ya tisa, mimi nitakuwa natekea watu sumu kwa mkono wangu mpaka nife, na sina ruhusa ya kuacha.”

*

Siku ya mjadala walikwenda wote wawili, wakakaa upande wa wasikilizaji. Wajumbe walikuwa arobaini na mmoja. Mkuu wa Baraza, Bwana Ruvundo, alikuwa mtu wa sauti laini, mwenye kuongea kama anayembembeleza mtoto anywe dawa.

“Waheshimiwa,” alisema, “hatufuti sheria. Nani amesema tunafuta? Tunaipunguzia uzito ili iweze kutembea. Ng'ambo ya mlima hawaghani kitu, na viatu vyao vinauzwa nusu ya bei yetu. Sisi tumeshika beti, wenzetu wameshika soko.”

Makofi yakapigwa. Kisha akaitwa shahidi, mshona makubadhi mmoja aitwaye Ngwali, mtu mwembamba, vidole vimejaa alama za sindano.

“Mimi nina watu kumi na mmoja,” alisema Ngwali, “na mmoja wao ni shemeji yangu, hafanyi kazi.”

Ukumbi ukacheka.

“Shairi langu la mwaka jana lilikuwa na beti themanini. Sita zilihusu sindano. Mghani aliniuliza, sindano zako zilizovunjika zilikwenda wapi? Nikamwambia, mzee wangu, zilivunjika, zilikwenda zilikovunjikia. Akasema hilo halina vina. Nikakaa siku nne natafuta sindano zenye vina. Wateja wakaenda peku.”

Shaweji alicheka mpaka akashika mbavu, na moyoni akakiri kwamba mtu huyu anaonewa. Hata Bi Siwema alitikisa kichwa kwa huruma.

Hapo ndipo aliposimama Tajiri Mbaruku. Alimwendea Ngwali, akaushika mkono wake, akauinua juu kama wa bondia aliyeshinda. “Huyu ndiye ninayempigania!” alinguruma. “Maskini huyu! Naomba sheria iwaguse wenye watu zaidi ya elfu moja tu.”

Katika viti vya mwisho akainuka mjumbe wa Bondeni, Bi Nyamizi, mwanamke mfupi asiyehitaji kipaza sauti. “Kama mzigo ni wa Ngwali, mtueni Ngwali! Tokeni kumi mwende hamsini, mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Mbona mnaruka mpaka elfu? Ngwali ana watu kumi na mmoja. Hao wengine mia tisa themanini na tisa ni wa nani?”

“Mheshimiwa anawachukia matajiri,” alisema mmoja.

“Mheshimiwa anajua kutoa,” alijibu Bi Nyamizi. “Nenda kajifunze kutoa.”

Akafuata mwenyekiti wa Chama cha Waghani. Alilia machozi ya kweli. Alisema beti zikipunguzwa, sanaa ya taifa itazikwa, na wajukuu hawatajua kina cha kati kinakaa wapi. Akaomba beti zisipunguzwe bali ziongezwe, ziwe mia na ishirini, na kila moja ilipiwe. Shaweji alikuwa amemtegemea mtu huyu awe upande wa kisima. Sasa akatambua kwamba tangu asubuhi neno maji lilikuwa limetamkwa mara moja tu ukumbini mle, pale Mkuu alipoagiza aletewe ya kunywa.

Mchana wakasoma vifungu vingine. Kifungu cha pili kilisema mtu wa chini asimwulize mtu wa juu jambo ambalo wa juu halazimiki kulijibu, kwa kuwa maswali yanachosha wenye kazi. Cha tatu kilihusu wale wachache watakaobaki ndani ya sheria: walipewa miaka miwili ya kujiandaa. Ili miaka hiyo isihesabike, karani aliyevaa glavu nyeupe aliikaribia saa kubwa ya mchanga iliyokuwa mbele ya ukumbi, akaishika kwa mikono miwili, akailaza ubavu. Mchanga ukasimama.

“Kuanzia sasa,” akatangaza, “muda hautembei.”

“Na mimba nazo zisubiri?” aliuliza Bi Nyamizi.

“Mimba hazina watu elfu,” akajibu karani kwa utulivu, na akayaandika maneno yake mwenyewe katika kumbukumbu.

Shaweji aliwatazama wajumbe mmojammoja, akitafuta uso ulioshtuka kama wake. Aliuona mmoja tu, wa Bi Nyamizi. Wengine walikuwa wanatazama saa iliyolala, na baadhi yao, wallahi, walionekana wamepumzika.

Kura zikapigwa. Thelathini na wanane walikubali, watatu walikataa.

Kiwanda cha Mbaruku kilikuwa na watu elfu moja na wanne. Kabla ya alasiri kwisha, wanne walikuwa wamekwisha fukuzwa. Na kwa kuwa sheria mpya ilimruhusu aliyesamehewa kughani kwa hiari yake, Mbaruku alitoka mlangoni mwa Baraza, akasimama kwenye ngazi, akaghani shairi lake lote la mwaka:

Mwaka huu tumefanya, yote tuliyoyafanya.

Watu wakashangilia. Mizani ilikuwa imetimia.

“Basi,” alisema Bi Siwema, naye alikuwa ameshika ukuta. “Kuanzia leo kisima changu ni safi milele.”

*

Jioni ile mmoja wa wale wanne waliofukuzwa alipita kisimani kuomba maji. Alikuwa baba wa makamo, mikono yake imeiva kijani mpaka kwenye viwiko. Bi Siwema hakumpa kata.

“Mikono imefanya nini, kaka?”

“Unga huo, Bi mkubwa. Tumeacha kuivisha ngozi kwa magome ya miti, miezi mitatu sasa. Tunatia unga wa kijani, ngozi inaiva siku mbili badala ya arobaini. Unaobaki tunausukumia mferejini. Na usiku huu, kwa kuwa haghaniwi tena, tajiri ameagiza mapipa yote yamwagwe.”

“Na mfereji unakwenda wapi?”

Yule bwana alitazama kisima, akatazama mikono yake, akarudi nyuma hatua moja.

“Kwa nini hukusema Barazani?” Shaweji alifoka. “Nilikuona pale nje, kwenye ngazi!”

“Mimi?” Alishangaa kweli. “Fundi, mimi si kiwanda.”

Asubuhi ya pili akaja tarishi wa Baraza na tarumbeta. Alisoma kwamba, kwa desturi ya Nenwa, sheria haikomai mpaka walioipitisha wanywe maji ya mtaa ambao sheria hiyo inaugusa. Mtaa uliochaguliwa ni Bondeni, kisima ni cha Bi Siwema, saa ni kabla jua halijafika utosini. Kikombe kimoja kikikataliwa, sheria imeanguka, na ya zamani inarudi kama ilivyokuwa.

Bi Siwema alimshika Shaweji mabegani, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane meno yake yakaonekana. “Hawatakunywa, Fundi! Wana pua wale! Wana wake na watoto! Sheria inaanguka leo, Mbaruku anaghaniwa wiki ijayo, mimi nafunga kisima changu.”

Shaweji naye alicheka. Aliamini. Ni nani asiyeamini kwamba mtu mzima hatakunywa kitu kinachomchoma macho?

Wakaja. Mikeka ikatandikwa, vikombe vya shaba vikapangwa. Wale watatu waliokataa hawakuhusika. Wale thelathini na wanane waliketi safu mbili, na katikati yao, kama bwana arusi, wakamketisha Ngwali mshona makubadhi katika joho la kuazima, maana sheria ilikuwa imepitishwa kwa jina lake. Bondeni wote walijazana kutazama. Bi Siwema akateka, akamimina. Maji yalikuwa na utando mwembamba juu, wa rangi ya mgongo wa mjusi.

Mkuu Ruvundo akainua kikombe. Kilipofika usawa wa kidevu, mkono ukasimama.

Bondeni wote wakanyoosha shingo.

“Niulize, Mheshimiwa,” alisema Bi Siwema. “Nakuomba. Niulize neno moja tu, nami nitakujibu.”

“Mambo ya kuulizana tuliyamaliza Barazani, Bi Siwema.”

“Sheria inanikataza mimi wa chini nisikuulize wewe. Haikukatazi wewe kuniuliza mimi.”

Ruvundo akamtazama Mbaruku aliyesimama nyuma ya safu, kisha akawatazama watu. Akainama kidogo, akasema kwa ile sauti yake laini, “Nikiuliza, mama yangu, itaonekana nina shaka.”

Akanywa.

Shaweji hakuyaamini macho yake. Aliruka mbele akipiga kelele, “Msinywe! Mimi nimeshuka mle! Mimi ni fundi, msinywe!” Tarishi akamsukuma kwa mpini wa mkuki na kumwambia, bila hasira, kwamba mgeni hana sauti kisheria, kwa hiyo asijichoshe koo. Na nyuma ya tarishi vikombe vilikuwa vinainuka kimoja baada ya kingine. Mjumbe mmoja alikunywa machozi yakimtoka. Mwingine alifuta midomo kwa leso akasema, “Tamu.” Wa tatu, aliposikia mwenzake amesema tamu, akaongezewa.

Wa mwisho alikuwa Ngwali. Alikitazama kikombe chake kwa muda mrefu.

“Bi Siwema,” alisema, “haya ni maji tu, sivyo?”

“Si—”

“Kunywa, bwana!” Mbaruku alimpiga bega kwa furaha. “Sherehe hii ni yako!”

Ngwali alikuwa mtu wa adabu. Hakutaka kuwacheleweshea wakubwa sherehe yao. Alikunywa, na jibu la Bi Siwema likamkuta kikombe kitupu.

*

Kabla ya alasiri walianza kuanguka. Mkuu alilazwa ukumbini mwa Baraza akijikunja kama jani motoni. Wenzake wakalazwa kando yake kwa vyeo vyao. Mganga wa Baraza aliitwa. Shaweji na Bi Siwema walikimbilia huko wakiwa wamebeba walichodhani kitasaidia, maziwa na mkaa uliosagwa, nao wakamkuta mganga amekaa kitako kando ya kitanda, mkoba wake wa dawa umefungwa kwa fundo.

“Unangoja nini?” Shaweji alimpigia kelele.

“Ubeti,” alijibu mganga. Alikuwa mzee, na jasho lilimtoka. “Mwanangu, usinikodolee macho. Dawa ya chokaa ni sumu kwa aliyekunywa magome. Dawa ya magome inamwua aliyekunywa chokaa. Hapa nchini dawa hufuata ubeti. Bila ubeti mimi nabahatisha, na mganga anayebahatisha hunyongwa.”

“Mwulizeni Mbaruku!”

“Mbaruku halazimiki kujibu,” alisema karani wa glavu nyeupe, aliyekuwa amekaa mlangoni na daftari. “Na halazimiki kuulizwa.”

Mke wa Mkuu alikuwa amepiga magoti kando ya mumewe. Alipomwona Bi Siwema alimshika miguu. “Dada, wewe ndiwe mwenye kisima. Kina nini? Niambie, kina nini?”

Bi Siwema alinyamaza. Shaweji alijua kwa nini. Walikuwa wamelizungumza njiani: anayeghani kazi ya kiwanda kisicho chake hufukuzwa Nenwa kabla jua halijazama, na akirudia hufungwa maisha. Hapo Bondeni ndipo alipozaliwa, ndipo alipomzika mumewe. Lakini Shaweji aliona pia kitu kingine kikipita usoni mwa mama yule, kama mtu aliyekuwa anapapasa ukuta gizani akagusa kitasa. Likighaniwa, lipo. Likiwapo, kisima kinafungika.

Alijitoa mikononi mwa mke wa Mkuu, akatoka barazani, akasimama kwenye ngazi zilezile alizosimama Mbaruku. Hakuwa mghani. Alihesabu mizani kwa vidole, watu wakimwona.

Si magome si chokaa, ni unga rangi kijani,
Mfereji umejaa, washuka hadi shimoni,
Kisimani wazagaa, nimeuona majini,
Msiteke tena hapa, kitawaua jirani.

Ubeti haujafika katikati, mganga alikuwa amekata fundo la mkoba kwa meno. “Unga wa kijani! Leteni maziwa! Maziwa na ute wa mayai, upesi!” Akamnywesha Mkuu, akamnywesha naibu wake, akaendelea hivyo kwa vyeo, mtu baada ya mtu, mpaka wa thelathini na nane. Wote wakatapika, wote wakaishi.

Ndipo Shaweji akauliza, “Na Ngwali?”

Hakuna aliyejua. Ngwali hakuwa mjumbe. Baada ya sherehe alikuwa amerudisha joho la kuazima, akaenda nyumbani kwa miguu. Shaweji alikimbia na kibuyu cha maziwa mpaka kwenye uchochoro wa washona viatu. Alipofika, shemeji yule asiyefanya kazi alikuwa anabeba maji ya kuoshea maiti.

*

Mkuu Ruvundo alipoweza kuketi, kitu cha kwanza alichoomba ni kalamu. Aliandika amri mbili. Ya kwanza: kisima cha Bondeni kifungwe mara moja, kwa kuwa kimeghaniwa. Ya pili: Bi Siwema aondoke nchini kabla ya machweo, kwa kuwa amekighani. Mkewe alimwambia, “Ruvundo, mwanamke huyu amekupa roho yako.” Naye akamjibu kwamba roho yake ni jambo la nyumbani, sheria ni jambo la nchi. Kuhusu Mbaruku hakuandika kitu. Mbaruku alikuwa na watu elfu moja kamili.

Shaweji alijaza kisima yeye mwenyewe, na Bi Siwema alimpitishia mawe. Alisema anataka kusikia jiwe la kwanza likifika chini. Lilipofika alifumba macho. Aliyekuwa akimwombea heri hakuonekana, majirani walikuwa wamesimama na ndoo tupu, na yule bibi wa foleni ya siku ile ya kwanza alimtemea maneno: “Yalikuwa maji mazuri mpaka ulipofungua mdomo wako.” Bi Siwema alimwelekeza Shaweji mahali pa kuchimba kingine, juu kuliko mfereji, upande wa pili wa mtaa, akamfanya aape kwamba ataondoka hapo maji yakishapatikana, si kabla.

Kisha akajitwika mzigo wake, na Shaweji akamsindikiza mpaka kwenye nguzo za mpakani, askari mmoja akiwafuata nyuma. Jua lilikuwa bado lina upana wa kiganja juu ya kilima. Walikuwa wamebakiza hatua kama kumi waliposikia mtu anawaita.

Alikuwa Tunu, mke wa Ngwali. Alikuja mbio, khanga ya msiba kiunoni.

“Karani amekuja msibani,” alisema, akihema. “Nimemwambia aandike mume wangu aliuawa na maji yale. Akaniuliza, alikufa kabla ya ubeti au baada? Nikamwambia kabla, kidogo tu kabla. Akasema, basi wakati huo unga ulikuwa bado haupo. Ameandika Ngwali amekufa bila sababu. Bi Siwema, watoto wangu watakuwa watoto wa mtu aliyekufa bila sababu.”

Shaweji alidhani ameshashtuka kwa yote ambayo Nenwa ilikuwa nayo ya kumshtua.

“Mtie kwenye ubeti,” alisema Tunu. “Mmoja tu. Atajwe.”

“Hapana, hapana,” askari aliingilia, naye hakuwa mtu mbaya, alikuwa na sura ya mtu anayetaka kurudi kwake kula. “Bi mkubwa, usimsikilize. Mara ya pili ni kifungo cha maisha. Hatua kumi hizo, uvuke. Ukivuka, ghani utakavyo.”

“Nikighania kule,” aliuliza Bi Siwema, “karani ataandika?”

Askari alitazama chini. “La. Kule siyo Nenwa.”

Bi Siwema alitua mzigo wake. Aliuweka vizuri, kando ya njia, wapita njia wasijikwae.

“Jina lake kamili?” alimwuliza Tunu.

“Ngwali wa Mashaka. Mshona makubadhi.”

“Dada!” Shaweji alimshika mkono. “Kisima kimefungwa! Ulichokuwa ukikitaka umekipata! Hatua kumi tu!”

“Kisima kimefungwa, Fundi. Yeye aliniuliza, nami sikumjibu.” Akauondoa mkono wake taratibu, akageuka kuelekea mjini, akaanza kuhesabu kwa vidole. Ngwali wa Mashaka ni mizani sita, aliongeza mbili.

“Shusha sauti basi, mama yangu,” askari alimsihi, “shusha, nitasema sikusikia.”

Hakushusha.